Gitaa la V la bei nafuu: namna ya kulikagua kabla hujalipa

Maswali ninayoulizwa kuhusu magitaa ya V, yaani ya umeme yenye mwili wa umbo la V, ni yale yale kila mwezi. Hili la laki saba ni zima kweli? Floyd Rose, lile daraja la kuelea linaloshikilia nyuzi mwilini, ni lazima? La mtumba nitapigwa? Mbona nikisimama shingo inaanguka yenyewe? Nimeyajibu yote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata ninapoitwa kumkagulia mtu gitaa, liwe dukani au sebuleni kwa muuzaji.

Kabla ya yote, shika hili: anza na visivyobadilishika. Pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) dhaifu hubadilishwa jioni moja. Mashine za kutyuni hubadilishwa, swichi hubadilishwa. Lakini shingo iliyojisokota, maungio yaliyoachia na kichwa kilichowahi kuvunjika havina tiba rahisi, na gharama yake inaweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Huchomeka kwenye amplifaya, wakasikia ngurumo, wakatoa pesa.

Ni gitaa la aina gani hasa

Kampuni ya Gibson ilitoa Flying V mwaka 1958, mbao yake ikiwa korina, jina la kibiashara la limba, mti wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Halikuuzika. Awamu ile ya kwanza hayakufika magitaa mia, likaachwa, kisha likarudi 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpiga gitaa Randy Rhoads na mtengenezaji Grover Jackson wakaleta V yenye mabawa yasiyolingana, moja refu na jingine fupi. Karibu kila V ya bei nafuu unayokutana nayo leo imefuata mojawapo ya njia hizo mbili.

Upande wa kwanza yupo Epiphone, kampuni ya Gibson tangu 1957. Flying V yake ina shingo ya kugundishwa, freti (vyuma vinavyokatisha shingo) 22 na urefu wa uzi wa inchi 24.75, yaani karibu milimita 628. Upande wa pili yupo Jackson na mfululizo wake wa JS: shingo ya kufungwa kwa skrubu, freti 24, urefu wa uzi inchi 25.5, karibu milimita 648. Dean, ESP LTD na wengine wako kati ya hao. Ukitaka kushusha tyuni hadi D au C kwa ajili ya muziki mzito, urefu wa milimita 648 hukaza nyuzi vizuri zaidi. Ukipenda nyuzi laini za kuvutwa kwa blues na rock ya zamani, 628 itakufaa.

Vya kuwa navyo

- Simu yenye programu ya kutyuni (GuitarTuna inatosha) na tochi
- Rula ya chuma yenye alama za nusu milimita
- Kadi ngumu ya plastiki ya benki, pamoja na kipande kifupi cha plastiki kilichonyooka
- Mkanda wako mwenyewe wa gitaa
- Kebo unayojua ni nzima, na amplifaya ndogo kama muuzaji hana
- Funguo za Allen (zile za pembe sita)
- Multimita, ukiweza kuazima
- Muda. Muuzaji anayekuharakisha mwambie utarudi kesho

Hatua ya 1: Jua namba ya modeli

Usiridhike na "ni Jackson" au "ni Epiphone". Omba namba kamili, maana herufi moja hubadilisha gitaa. Jackson JS32 Rhoads ina daraja la kuelea lenye kufuli mbili, la aina ya Floyd Rose. JS32T Rhoads ina daraja lisilocheza, nyuzi zikipita ndani ya mwili. Ni magitaa mawili yenye tabia tofauti kabisa.

Ukishapata namba, tafuta bei ya jipya kwenye maduka makubwa ya nje. JS32T imekuwa ikiuzwa Marekani kati ya dola 300 na 400. Epiphone Flying V huvuka 500. Bila takwimu hii huna msingi wa kubishana bei.

Hadhari: mtu akikuletea Flying V yenye jina la Gibson kichwani kwa bei ya Epiphone, ichukulie kuwa bandia mpaka ithibitike vinginevyo. Fungua kifuniko kidogo kichwani na utazame chuma cha kunyooshea shingo. Gibson kwa kawaida hutumia nati ya shaba ya manjano yenye pembe sita, inayokazwa kwa spana ya kuvisha. Bandia nyingi zina tundu la ufunguo wa Allen. Bandia si lazima lilie vibaya, ila hupaswi kulilipia jina, na siku ya kuliuza utakwama.

Hatua ya 2: Tazama nyuma ya kichwa

Geuza gitaa, washa tochi, ulaze mwanga kwa pembe nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa. Magitaa ya V yenye kichwa kilicholala nyuma huvunjika hapo, na V huanguka kuliko magitaa mengine kwa sababu haisimami vizuri ukutani wala kwenye standi ya kawaida. Tafuta mstari mwembamba kwenye rangi, sehemu iliyong'aa kuliko jirani yake, au rangi iliyopakwa upya. Pitisha ukucha. Kama unakwama, uliza.

Usichanganye ufa na kiungio cha kiwandani. Shingo nyingi za bei nafuu huunganishwa kichwa kwa vipande viwili vya mbao vilivyogundishwa kwa mshazari. Mstari wake umenyooka, umetulia, na mara nyingi unaonekana pande zote mbili kwa usawa. Huo si ubovu. Ufa huenda ovyo, ukifuata nyuzi za mbao.

Kichwa kilichovunjika na kugundishwa vizuri kinaweza kudumu miaka mingi. Hata hivyo bei lazima ishuke sana, karibu nusu, na muuzaji akiri mwenyewe.

Hatua ya 3: Unyoofu wa shingo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Tyuni gitaa kwanza, maana shingo isiyovutwa na nyuzi haikwambii kitu. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa kidole kimoja na kwenye freti ya mwisho kwa kingine. Uzi sasa ni rula. Tazama nafasi iliyopo kati yake na freti ya saba au ya nane. Inatakiwa iwepo nafasi ndogo sana, milimita 0.1 hadi 0.3. Ikiwa uzi umegusa kabisa, shingo imebinukia nyuma. Ikiwa nafasi inafika milimita moja, imepinda kama upinde. Rudia kwa uzi mwembamba. Nyuzi hizi mbili zikikupa majibu yanayotofautiana sana, shingo imejisokota. Hapo rudisha gitaa, shukuru, ondoka. Chuma cha ndani hunyoosha shingo iliyopinda, lakini msokoto hakiuwezi.

Shingo iliyopinda tu inarekebishika, ilimradi chuma chenyewe kinafanya kazi. Omba ruhusa ya kukijaribu: robo mzunguko, usizidishe. Kukaza huondoa upinde, kulegeza huuongeza. Ukikuta nati imekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, au inazunguka bure bila kushika, gitaa hilo halina tena akiba ya marekebisho.

Hali ya hewa pia ina neno lake. Gitaa lililokaa Mombasa, Tanga au Unguja hunywa unyevu, na chumvi ya hewani hula skrubu. Likipelekwa Nairobi au Arusha, mbao hukauka na kusinyaa, na ncha za freti hujitokeza pembeni. Kwa hiyo uliza gitaa limekaa wapi, na ukilinunua kutoka mji wa hewa tofauti, liache litulie wiki mbili kabla ya kuliseti.

Hatua ya 4: Freti

Telezesha kiganja pembeni mwa shingo, juu na chini. Ncha zikikukwaruza, ni kazi ya tupa ndogo, na fundi huimaliza kwa muda mfupi. Isikutishe, itumie kupunguza bei.

Sasa chukua kadi. Simamisha ukingo wake juu ya freti tatu kwa wakati mmoja, katikati ya nyuzi. Kadi ikicheza kama bembea, freti ya katikati imenyanyuka. Kwenye freti za mwanzo tumia upande mrefu wa kadi, katikati upande mfupi, na kule juu, karibu na mwili, kile kipande kifupi cha plastiki. Freti moja au mbili zilizonyanyuka zinasawazishwa. Zikifika tano au sita, gitaa linataka kusawazishwa lote.

Baada ya hapo piga kila noti ya kila uzi. Ndiyo, zote. Kwenye gitaa la freti 24 ni noti 144, na hazichukui hata dakika kumi. Kisha vuta nyuzi mbili nyembamba toni nzima kuanzia freti ya 12 kwenda juu. Noti ikifa katikati ya mvuto, freti za mbele yake ziko juu mno. V hununuliwa kwa ajili ya kule juu, kwa sababu mwili hauuzuii mkono. Kama noti za kule zinakufa, umeuziwa umbo peke yake.

Hatua ya 5: Maungio ya shingo na mwili

Kwenye V, sehemu kubwa ya shingo iko nje ya mwili na maungio ni madogo. Shika mwili kwa mkono mmoja, sukuma kichwa mbele na nyuma kwa upole huku nyuzi zikilia. Sauti kubadilika kidogo ni kawaida. Kusikia mlio wa mbao, au kuona nafasi ikifunguka, si kawaida. Shingo ya skrubu ikilegea unaweza kuikaza. Shingo ya kugundishwa ikiachia ni kazi kubwa.

Tazama pia nyuzi za pembeni kwenye freti ya mwisho. Umbali wake hadi ukingo wa shingo uwe karibu sawa pande zote mbili. Kama uzi mwembamba uko ukingoni kabisa, utakuwa unakutoka kila ukiuvuta.

Hatua ya 6: Nati, mashine na daraja

Bana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, utazame juu ya freti ya kwanza. Ibaki nafasi ya unene wa karatasi. Ikizidi, mifereji ya nati (hapa ni kipande kinachopitisha nyuzi mwanzoni mwa shingo, si nati ya chuma cha ndani) haijachimbwa vya kutosha na noti za mwanzo zitapanda sauti. Isipokuwepo kabisa, uzi utakwaruza ukipigwa bila kubanwa.

Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 kipime kwa rula: karibu milimita 2 kwa uzi mnene, 1.5 kwa mwembamba. Kikiwa juu zaidi, angalia kama daraja bado lina nafasi ya kushuka. Daraja lililoshushwa hadi mwisho huku nyuzi zingali juu lina maana kuwa shingo imekaa kwa pembe mbaya.

Kisha jaribu intonesheni, yaani kama noti zinabaki kwenye tyuni ukipanda shingoni. Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi juu ya freti bila kuubana), halafu bana noti ya freti hiyo hiyo. Tyuna ionyeshe karibu kitu kimoja. Tofauti hurekebishwa kwa skrubu za daraja, alimradi hazijafika mwisho.

Sasa Floyd Rose. Msimamo wangu hautikisiki: kwa pesa ileile, V yenye daraja lisilocheza ni gitaa bora kuliko V yenye daraja la kuelea. Daraja la kuelea ni mashine yenye makali mawili yanayoegemea nguzo, na makali hayo yakiwa ya chuma laini huchakaa, kisha gitaa halirudi tena kwenye tyuni. Kiwanda kinachouza gitaa zima kwa dola 300 hakina bajeti ya kutia chuma kigumu hapo. Zaidi ya hayo, ukikata uzi mmoja jukwaani nyuzi zote zinahama sauti, na ukitaka kubadilisha tyuni inabidi urekebishe springi za nyuma. Kwa mtu anayeanza huo ni mzigo. Kama bado unalitaka, fanya hivi: tyuni, funga kufuli za nati, sukuma mkono wa daraja hadi nyuzi zilegee kabisa, uachie, kisha soma tyuna. Rudia mara kadhaa. Lisiporudi mahali pake, au likiwa limeinamia upande badala ya kulala sambamba na mwili, kataa.

Daraja lisilocheza lijaribu kwa kuvuta nyuzi kwa nguvu kisha kusoma tyuna. Kwenye vichwa vyenye mashine tatu kila upande, uzi wa tatu wa G ndio husumbua, na mara nyingi kosa ni la nati, wala si la mashine.

Hatua ya 7: Livae, kisha likalie

Vaa mkanda wako, simama, achia mikono yote miwili. Mwili wa V ni mwepesi na kishikizo cha mbele cha mkanda mara nyingi kiko karibu na maungio ya shingo, hivyo kichwa hutaka kwenda sakafuni. Kushuka kidogo kunavumilika. Kama shingo inaanguka yote, mkono wa kushoto utakuwa unabeba gitaa badala ya kulipiga.

Halafu keti. V haikai pajani kwa mtindo wa kawaida, huteleza. Gibson wa 1958 walibandika kipande cha mpira chenye mistari ubavuni kwa sababu hiyo hiyo. Njia inayofaa ni kuingiza paja la kushoto katikati ya mabawa mawili, shingo ikiinuka kama ya mpigaji wa gitaa la klasiki. Ukiona mkao huu umekushinda kabisa na wewe hufanya mazoezi ukiwa umekaa, fikiri upya.

Mnaopiga kwa mkono wa kushoto: umbo la pande zilizolingana hugeuzika, na mpiga blues Albert King alipiga V ya mkono wa kulia akiwa ameigeuza. Lakini nati, vitufe na kishikizo cha mkanda vitakuwa mahali pasipofaa.

Hatua ya 8: Sauti

Chomeka. Geuza kila kitufe hadi mwisho na kurudi, sogeza swichi mahali pote, tikisa jeki (tundu la kuchomekea kebo). Mikwaruzo ya vitufe huondolewa kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Jeki inayokata sauti hukazwa au hubadilishwa kwa bei ndogo.

Sikiliza sauti safi kwanza, isiyo na uchafu wa distoshani, maana distoshani huficha kila kitu. Gonga kifuniko cha kila pikapu kwa bisibisi taratibu kujua zote zinafanya kazi. Ukiwa na multimita, pima kwenye kebo iliyochomekwa, vitufe vikiwa wazi: pikapu za koili mbili zisizotumia betri nyingi husoma kati ya kiloomu 7 na 16. Ikisoma sifuri, waya umegusana; ikisoma haina mwisho, waya umekatika.

Hadhari ya usalama: amplifaya ya mtumba kutoka Marekani hutumia volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu bila transfoma, unaiunguza.

Hatua ya 9: Piga hesabu ya mwisho

Bei ya gitaa si bei uliyotajiwa. Ongeza nyuzi mpya, fundi wa kuseti, na kasha. Kasha ndilo husahaulika: mfuko wa kawaida hauingii V, na la umbo lake ni adimu na ghali. Ukiagiza nje, ongeza usafiri, ushuru, na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, tena hutozwa juu ya jumla ya bei, usafiri na ushuru.

La mtumba, hata likiwa safi, mimi sivuki theluthi mbili ya gharama ya kulileta jipya. Toa hapo gharama ya kila tatizo uliloliona. Na ujue kuwa soko la V kwetu ni dogo. Wapiga dansi, benga na wa kanisani wengi hawalitaki, hivyo kuliuza kutachukua muda. Hilo linakuumiza ukiuza na linakusaidia ukinunua, kwa hiyo litaje mezani.

Usilipie jina la mbao. Mahogani, popla na basswood zote hutoa magitaa mazuri na mabaya katika bei hii. Wala usipunguze sana kwa ajili ya ncha za mabawa zilizochubuka. Kila V iliyopigwa ina michubuko hiyo. Angalia tu kama mbao yenyewe haijapasuka chini ya rangi.

Ukishalinunua na likasumbua

*Shingo inaanguka.* Tumia mkanda mpana wa ngozi wenye upande wa ndani mkavu usioteleza. Usipotosha, fundi ahamishe kishikizo cha mbele. Usianze kutoboa mwenyewe.

*Uzi unakwaruza freti za mwanzo tu.* Shingo imenyooka mno au nati imechimbwa sana. Legeza chuma robo mzunguko, subiri siku moja, pima tena.

*Uzi unakwaruza kule juu tu.* Pandisha daraja kidogo. Likiendelea, kuna freti iliyonyanyuka.

*Halishiki tyuni.* Nyosha nyuzi mpya kwa mkono, kisha sugua mifereji ya nati kwa ncha ya penseli. Kaza skrubu za mashine. Mashine mpya ziwe jambo la mwisho kununua.

*Linavuma.* Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ethi ndani ya gitaa ni mzima na tatizo liko kwenye kebo, soketi au taa za karibu. Usipobadilika, waya unaokwenda kwenye daraja umekatika. Ukipigwa shoti unapogusa nyuzi na maikrofoni pamoja, zima kila kitu umwite fundi umeme.

*Kichwa kimepata ufa.* Legeza nyuzi zote saa hiyo hiyo. Usitie gundi ya kukauka haraka, kwani huzuia gundi sahihi ya mbao kushika baadaye. Usikivunje zaidi ili kuona ndani. Funga kwa kitambaa, peleka kwa fundi wa magitaa au seremala mwenye jeki za kubania, na gundi ikishabanwa, nyuzi zisikazwe kabla ya siku inayofuata.